Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandika kitabu cha usalama na taratibu za kampuni ya kupiga mbizi

Nimeletewa rasimu nyingi za vitabu vya usalama vya kampuni za kupiga mbizi, na karibu zote zimekwama mahali pamoja. Mwenye kampuni ana wapiga mbizi sita, kompresa mbili na kazi ya kusafisha na kukagua meli Mombasa au Dar es Salaam. Mteja anamwambia alete kitabu cha usalama. Anatafuta kitabu cha kampuni ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, anabadilisha jina na nembo, anakipeleka. Ndani mna sura nzima ya wapiga mbizi wanaoishi ndani ya chemba (chumba cha shinikizo) wiki kadhaa, lakini hamna hata ukurasa mmoja wa namna ya kumtoa mtu majini pale gati lilipo juu na maji yamekupwa.

Mteja makini hukirudisha. Asiye makini hukipokea, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu watu huingia majini wakiamini wana taratibu.

Mwongozo huu ni wa kampuni ndogo inayopiga mbizi kwa hewa inayotoka juu, kwa kompresa na mpira (bomba linalompelekea mpiga mbizi hewa), kina kisichozidi mita 30, bandarini, ziwani au kwenye mabwawa. Tenga wiki tatu. Wiki moja ni ya kuandika na mbili ni za kujaribu.

## Unachohitaji kabla ya kuandika neno

- Sheria ya nchi yako. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Zanzibar ina ya kwake ya 2005, na Kenya ina ya 2007. Hizi zinahusu kazi zote, hivyo hazitakupa taratibu za mbizi. Zitakuambia wajibu wa mwajiri na ajali gani lazima iripotiwe.
- Kiwango kimoja cha kimataifa cha upigaji mbizi. Kampuni za baharini hutumia sana IMCA D 014, ya chama cha kimataifa cha makandarasi wa baharini. Nyingine hufuata viwango vya ADCI, chama cha makandarasi wa mbizi. Kanuni za Marekani, 29 CFR 1910 sehemu T, zinasomeka bure na ni fupi. Chagua kimoja na ukitaje kwa jina na toleo.
- Jedwali moja la mbizi, linaloonyesha dakika za kukaa kwa kila kina. Kitabu cha Jeshi la Majini la Marekani, toleo la 7, kinapatikana bure. Usichanganye majedwali mawili, hata kama la pili linakupa dakika nyingi zaidi.
- Daftari za mbizi zako za miezi 12 iliyopita.
- Orodha ya vifaa vyote pamoja na namba zake na tarehe za ukaguzi wa mwisho.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari unayofanyia kazi.
- Watu wawili wa kukusomea: mpiga mbizi mzoefu, na mshika kamba (anayebaki juu akishika mpira wa mpiga mbizi) aliyeajiriwa juzi. Huyu wa pili ni muhimu kuliko wa kwanza.

Ukikosa daftari za mbizi, simama hapo. Anza kuziandika leo, urudi baada ya mwezi mmoja. Bila daftari utaandika kazi unayodhani unaifanya.

## Hatua ya 1: Weka mipaka ya kazi

Fungua daftari zako na uorodheshe kila aina ya kazi mliyofanya: kusafisha meli, kukagua nguzo za gati, kukata kamba iliyojisokota kwenye propela, kufungua chujio za bwawa. Andika kina kikubwa mlichofika, muda mrefu zaidi mliokaa, na mahali.

Orodha hiyo ndiyo mipaka ya kitabu. Kazi isiyokuwamo haifanywi mpaka kitabu kiongezwe. Andika sentensi hiyo ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwa sababu siku moja mteja ataomba "kitu kidogo tu" cha kuchomelea chini ya maji na msimamizi atahitaji mahali pa kuegemea anapokataa.

Kwa mifupa ya kitabu, ule mpangilio wa Marekani unatosha: kwa kila aina ya mbizi, andika taratibu za usalama, majukumu ya kila mtu, taratibu za vifaa, na hatua za dharura kwa moto, kuharibika kwa kifaa, hali mbaya ya mazingira, na ugonjwa au jeraha.

Utajua umefaulu ukiweza kusoma mipaka yote kwa dakika mbili, na kila kazi iliyomo ina mbizi halisi kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Gawa majukumu kwa cheo

Timu ya hewa ya kutoka juu iwe na watu watano: msimamizi wa mbizi, mpiga mbizi, mshika kamba wake, mpiga mbizi wa akiba, na mshika kamba wa akiba. Najua wanne ni nafuu. Lakini mpiga mbizi wa akiba akishaingia majini, nani anashika mpira wake? Msimamizi akiushika, hakuna tena anayesikiliza simu.

Kwa kila cheo andika mambo matatu: anafanya nini, anaweza kukataza nini, na hawezi kuondoka mahali gani. La katikati ndilo husahaulika. Mshika kamba awe na mamlaka ya kusimamisha mbizi bila kuomba ruhusa. Na msimamizi pekee ndiye anayeamuru mbizi ianze; mwenye kampuni akiwa gatini siku hiyo, naye yuko chini ya msimamizi. Liandike waziwazi. Nimeona bosi akimharakisha msimamizi kwa sababu meli inalipa kwa saa, na msimamizi hakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

## Hatua ya 3: Andika hatari za mahali penyewe

Hapa ndipo kitabu cha kunakili hufa. Usianze na jedwali la rangi nyekundu na njano. Anza na kutembea gatini na daftari mkononi, ukijiuliza: ni nini hapa kinaweza kumvuta, kumkata, kumfunika au kumnyima hewa?

### Meli yenyewe

Kabla ya mtu kuingia chini ya meli, vitu hivi vizimwe na vifungwe: injini kuu na propela, propela za pembeni, pampu zinazonyonya maji ya bahari upande wa kazi, mashine za kupimia kina kwa sauti, na mfumo wa umeme wa kuzuia kutu. Usiandike "hakikisha mitambo imezimwa". Andika nani, wapi na kwa kufuli gani:

> Injinia mkuu wa meli anafunga swichi kwa kufuli ya kampuni. Msimamizi wa mbizi anashuhudia kwa macho yake, anatundika kibao "MTU YUKO MAJINI", anachukua ufunguo na kuuweka mfukoni. Wote wawili wanasaini kibali na saa. Ufunguo haurudi mpaka mpiga mbizi awe amekaa gatini bila helmeti.

Sababu ni kwamba zamu hubadilika. Injinia aliyekuahidi saa mbili asubuhi amelala saa nane mchana, na mwenzake hajui kuna mtu chini.

Ongeza meli jirani. Tagi inayosukuma meli gati la pili hurusha maji mpaka kwako. Kibali kiwe na mstari wa "mnara wa bandari umejulishwa saa ngapi", na bendera A, ya kuonya kwamba kuna mpiga mbizi majini, ipandishwe.

### Maji yanayovuta

Tofauti ya shinikizo baina ya pande mbili za tundu imeua wapiga mbizi wazoefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ni hatari isiyoonekana. Chukua tundu lenye kipenyo cha sentimita 30, mita 5 chini ya uso wa maji, na upande wa pili hamna maji. Linabeba mzigo wa kama kilo 350. Mkono au mguu ukiziba tundu hilo, hakuna watu gatini watakaoutoa kwa kuvuta kamba. Wataumiza mtu zaidi. Na ukiwa mbali kidogo huhisi chochote. Unahisi ukishafika.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: hakuna mbizi karibu na lango la bwawa, tundu la kunyonyea au bomba mpaka maji ya pande mbili yawe sawa, yamepimwa na kuandikwa, au mtiririko umefungwa kwa kufuli. Iwapo haiwezekani, mpira ufungwe kwa urefu ambao mpiga mbizi hawezi kufika. Acha angalau mita 5 baina ya mwisho wa mpira na hatari iliyo karibu zaidi.

### Bamvua na maji mafu

Wakati wa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hufika mita 3 na zaidi. Mkondo wa Kilindini siku hiyo si mkondo wa siku ya maji mafu. Andika kikomo ambacho msimamizi anaweza kukipima bila mashine. Kwa mfano, anatupa kipande cha mti, na kikipita mita 10 kwa chini ya sekunde 40 (robo mita kwa sekunde), mbizi haianzi. Chagua kikomo chako kwa kazi yako, lakini kiwe namba.

Andika pia majira. Kusi likivuma, maji huchafuka na boti hucheza. Kazi iliyowezekana wakati wa kaskazi inaweza kuhitaji siku nyingine.

Utajua umefaulu mgeni akisoma sura hii na kuweza kukuonyesha kwa kidole, akiwa gatini, kila hatari uliyoitaja.

## Hatua ya 4: Hesabu ya hewa

Watu wengi huandika "hewa ya kutosha iwepo". Hiyo si taratibu. Weka hesabu yenyewe, na mfano uliokamilika, ili msimamizi abadilishe namba tu.

Kwenye mita 20 shinikizo ni bar 3: moja ya hewa iliyo juu yetu na mbili za maji. Mtu anayefanya kazi ahesabiwe lita 40 kwa dakika akiwa juu. Zidisha kwa 3, unapata lita 120 kwa dakika. Kompresa lazima iwaweze wawili kwa pamoja, yaani na wa akiba akiingia: lita 240. Kando yake ziwepo chupa kubwa za akiba zilizounganishwa tayari kwenye paneli, zigeuzwe kwa valvu moja.

Halafu chupa ya mgongoni. Kanuni inayotumika sana ni dakika moja ya hewa kwa kila mita 10 za mpira uliotolewa. Mpira wa mita 60 unadai dakika 6. Mtu mwenye hofu hupumua zaidi, hivyo mimi huhesabu lita 50: mara 3 ni 150 kwa dakika, jumla lita 900. Chupa ya lita 12 yenye bar 90, ukiacha bar 15 zisizotumika, inatoa lita 900 kamili. Yaani bar 90 ndiyo ukingo wa jabali. Andika kwamba chini ya bar 150 hakuna kuingia majini.

Mambo mengine matatu ya kuandika bila kukosa:

Mdomo wa kompresa unaovuta hewa. Uwe upande upepo unakotoka, mbali na bomba la moshi na malori. Upepo ukigeuka, kompresa ihamishwe. Moshi kidogo unaovumilika juu huwa sumu mara tatu kwenye mita 20.

Kipimo cha hewa. Kila miezi 6, maabara ipime. Kiwango cha Ulaya, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za kaboni monoksaidi katika milioni. Cheti kikipita tarehe, kompresa ifungwe.

Valvu ya kuzuia hewa kurudi kwenye helmeti. Ijaribiwe kila siku kabla ya mbizi ya kwanza. Mpira ukipasuka juu na valvu hii imekwama wazi, hewa ya helmeti hutoka kwa nguvu na shinikizo la maji humkandamiza mtu usoni na kifuani. Kuijaribu huchukua chini ya dakika moja.

## Hatua ya 5: Lugha ya simuni

Wateja wanataka kitabu cha Kiingereza, sawa, wape. Lakini orodha za ukaguzi, kadi za dharura na amri za simuni ziwe kwa lugha inayozungumzwa na timu. Kama timu yako huzungumza Kiswahili, basi ni Kiswahili.

Sasa sikiliza simu ya helmeti, yenye kelele za mapovu. *Shuka* na *shika* hazitofautiani. *Legeza* kamba na *ongeza* hewa zinaishia sauti moja. *Acha* ni simama, au ni achia ulichoshika? *Vuta*: mpira, au pumzi? Niliwahi kusikia mpiga mbizi akiambiwa ashike, naye akashuka.

Chagua neno moja kwa kila tendo, lisilofanana na jingine, na upige marufuku mengine:

- Teremka – kwenda chini
- Panda – kuja juu
- Simama – usifanye chochote
- Kamata – shika kitu
- Toa mpira – mpe nafasi
- Kaza mpira – ondoa ulegevu
- Akiba – hewa imekatika, natumia chupa ya mgongoni

Kila amri irudiwe na anayeipokea kabla ya kuitenda. Andika pia ishara za kamba, simu ikifa: kutoka kwa mpiga mbizi, mvuto mmoja ni "niko salama", miwili "nipe mpira", mitatu "kaza mpira", minne "nivuteni". Mbili-mbili-mbili ni "nimenasa, leteni mwenzangu". Nne-nne-nne ni "nivuteni sasa hivi".

## Hatua ya 6: Kadi za dharura

Dharura zisiwe sura. Ziwe kadi, moja kwa kila tukio, zilizofunikwa plastiki na kutundikwa kwenye paneli ya hewa. Mikono imelowa, hakuna atakayefungua ukurasa wa 84.

Zisipungue sita: hewa kukatika, simu kukatika, mpira kunasa, mpiga mbizi kupoteza fahamu, moto juu, na ugonjwa wa mgandamizo (unaoletwa na mapovu ya gesi mwilini baada ya mbizi). Hii ni mfano:

> HEWA IMEKATIKA
> 1. Mpiga mbizi: fungua chupa ya mgongoni. Sema "Akiba".
> 2. Msimamizi: geuza paneli kwenda chupa kubwa. Sema "Simama. Rudi kwenye kamba."
> 3. Mshika kamba: kaza mpira.
> 4. Wa akiba: vaa helmeti, kaa ukingoni. Ingia kwa amri ya msimamizi tu.
> 5. Mpiga mbizi anapanda kwa mwendo wa kawaida. Mbizi imekwisha, hata hewa ikirudi.

Namba 5 ya kadi hii italeta ubishi na mteja. Iache kama ilivyo.

### Kadi ya ugonjwa wa mgandamizo

Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya mbizi uchukuliwe kuwa ugonjwa huu mpaka daktari akatae. Mpe oksijeni safi kwa barakoa mara moja, mlaze, piga simu.

Oksijeni ihesabiwe kwa safari. Kwa lita 15 kwa dakika, chupa ya lita 10 yenye bar 200 inakwisha baada ya saa mbili na dakika chache. Chemba ya kutibu ugonjwa huu ikiwa saa nne kutoka ulipo, unahitaji mbili, na weka ya tatu.

Chemba gani? Usinakili jina kutoka kwenye orodha ya mtandaoni. Piga simu, uliza kama inafanya kazi mwezi huu, nani anaiendesha usiku, na inapokea wagonjwa wa nje au la. Andika tarehe ya simu hiyo kwenye kadi, na irudiwe kabla ya kila mradi. Ukikosa chemba inayofikika, punguza kina na muda wa mbizi zako. Usiziache kama zilivyo.

### Mwinuko

Jambo hili silioni kabisa kwenye vitabu vya kunakili, kwa sababu viliandikiwa bahari. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika zaidi ya mita 770. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mbizi ya mita 20 Mwanza au Kisumu inahesabiwa kwenye jedwali kama karibu mita 23. Kitabu cha Jeshi la Majini la Marekani kina jedwali la marekebisho haya. Liweke ndani.

Na kinyume chake: aliyepiga mbizi Mombasa mchana asipande treni ya jioni kwenda Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,800, na kwa mwili wake huko ni kama kupanda ndege. Weka saa 24 kwa wote, kwa ndege, treni na gari.

## Hatua ya 7: Kijaribu kitabu kabla ya kukisaini

Mpe mshika kamba mgeni kadi, usimweleze kitu, na utangaze dharura. Tazama saa. Kila anapouliza "nani?" au "wapi?", hapo pana kasoro ya maandishi, si ya kwake. Rekebisha sentensi papo hapo.

Fanya zoezi la kumtoa mtu aliyezimia mara mbili: maji yakiwa yamejaa, na yakiwa yamekupwa siku ya bamvua. Timu moja niliyoisaidia ilimtoa mwenzao kwa dakika tatu asubuhi, maji yakigusa karibu ukingo wa gati. Wiki iliyofuata, maji yamekupwa, ngazi ilining'inia juu ya kichwa cha mwokoaji na kamba ilikuwa fupi. Dakika kumi na moja zilipita na "mgonjwa" alikuwa bado majini. Kitabu chao kilisema tu "mpiga mbizi aondolewe majini". Siku hiyo wakaongeza winchi ya mkono na kikapu, na ukurasa wenye picha ya mahali pa kuifunga.

Utajua umefaulu mazoezi mawili mfululizo yakiisha bila mtu kuuliza swali, na mtu akiwa gatini chini ya dakika nne katika maji ya hali zote mbili.

## Hatua ya 8: Toleo, saini na nakala

Kila ukurasa uwe na namba ya toleo na tarehe. Kila mwanatimu asaini kwamba amesoma sura zinazomhusu, na msimamizi amuulize maswali matatu kabla ya kukubali saini hiyo. Nakala moja iwe mahali pa mbizi kila siku ya kazi. Nakala ya ofisini haihesabiki.

Pitia kitabu upya kila mwaka, na papo hapo baada ya ajali, tukio la nusura, kifaa kipya au bandari mpya. Toleo jipya likitoka, usitume tu nakala mpya. Andika orodha ya nani ana nakala ya zamani, zikusanye zote kwa mkono, zihesabu, uzichome. Pekua pia sanduku la vifaa kwenye boti, maana kadi ya zamani hubaki humo.